Mwanangu yuko kwa wifi, nitampataje?

Swali: Nilikwenda Oman kufanya kazi za ndani, nikamwacha binti yangu kwa wifi yangu, Tanga. Nyuma yangu akapata amri ya mahakama ya kumlea. Nimerudi, mtoto ana miaka 9, wifi hataki kumtoa. Nifanyeje?

Jibu: Pole dada. Usithubutu kumvizia mtoto getini shuleni; amri ile bado ina nguvu, na kumchukua kwa ubavu kutaiharibu kesi yako. Rudi mahakamani uombe ibadilishwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakubeba kiasi: inapendelea mtoto akae na wazazi wake, ila pale wanapokiuka haki zake mara kwa mara. Lakini inatazama pia malezi yasikatikekatike, na inataka mtoto mwenyewe asikilizwe. Wa miaka 9 ana la kusema! Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, maana ripoti yake hakimu huizingatia sana. Ofisa huyo atataka kuona atakapolala mtoto, shule, kipato chako. Tafuta ushahidi wa kila shilingi uliyotuma. Na wifi usimtukane, binti ameshamzoea. Kwa sasa omba awe anakuja kwako wikiendi.