Upande wa Kichwa: Niliyojifunza kwa Kulinda Pumzi ya Paka

Paka wengi wanaoletwa kliniki kwetu Dar es Salaam huja kufungwa kizazi, kuhasiwa au kung'olewa meno. Anayeshika kisu anahofia damu. Mimi nakaa upande wa kichwa, nahofia pumzi.

1. Mrija peke yake si kinga

Wengi tunaamini kwamba mnyama akishawekewa mrija kwenye njia ya hewa, yuko salama. Kwa paka mambo si mepesi hivyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2002 hadi 2004, ulioongozwa na Dave Brodbelt, ulikuta kwamba paka asilimia 0.24 walikufa kwa sababu zinazohusiana na nusukaputi au dawa za kutuliza. Mbwa walikuwa asilimia 0.17. Lililonishtua zaidi ni kwamba paka waliowekewa mrija walikuwa katika hatari kubwa kuliko wasiowekewa. Hata hivyo sijaacha mrija. Paka anayeng'olewa meno bila mrija atavuta damu na maji hadi mapafuni. Ila tangu niusome utafiti ule, nauchunga zaidi mkono unaoingiza mrija.

2. Koromeo la paka halipendi kuguswa

Ukiligusa kavukavu, linajifunga, na hewa haipiti tena. Kwa hiyo tunakwenda taratibu. Kwanza paka anapewa oksijeni kwa barakoa dakika chache. Dawa ya usingizi ikishakolea, analazwa kifudifudi, msaidizi anamwinua kichwa, na mimi nauvuta ulimi mbele kwa kipande cha shashi. Taa ya laringoskopu inaonyesha nyuzi sauti mbili, nyeupe, zikifunguka na kufumba. Hapo nadondosha dawa ya ganzi, lidokeini ya asilimia 2, mililita 0.1 kila upande, kisha narudisha barakoa na kusubiri sekunde 60 hadi 90. Ni subira ngumu, hasa mpasuaji akiwa ameshavaa glavu na anakutazama.

Mrija unaingia nyuzi zinapofunguka. Zikiwa zimefumba, sisukumi. Paka akimeza au kukunja ulimi, usingizi haujatosha, na dawa yake ni kuongeza usingizi, si nguvu. Dawa za kupuliza zenye benzokeini sizigusi kabisa kwa paka, kwa kuwa huiharibu himoglobini ikashindwa kubeba oksijeni.

3. Pima kabla hajalala

Paka mkubwa huchukua mrija wa milimita 3.5 hadi 4.5, naweka mezani saizi tatu. Urefu naupima kwa nje, kuanzia meno ya mbele hadi usawa wa bega. Mrija ukizidi kwenda ndani, unaingia pafu moja tu.

4. Puto ndilo linalopasua

Hapa ndipo ningependa kila anayeanza kazi hii akae na kusikiliza. Ncha ya mrija ina kiputo kinachojazwa hewa ili kuziba mwanya. Bomba la hewa la paka ni jembamba mno, na kiputo kikijazwa kupita kiasi linachanika. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha meno: maji ni mengi mdomoni, daktari anaogopa yasishuke, anajaza zaidi, kisha anamgeuza paka ubavu wa pili bila kuuchomoa mrija kwenye mashine ya usingizi, na mrija unajisokota humo ndani.

Nimempokea paka wa aina hiyo, aliyesafishwa meno kwingineko. Shingo ilikuwa imevimba, na nilipoibonyeza ngozi ilichakarika kama majani makavu. Ilikuwa hewa iliyovuja. Wengi wa namna hiyo hupona kwa oksijeni na kupumzishwa kizimbani, lakini si wote.

Basi mimi nafunga vali ya mashine, nabana mfuko wake wa hewa hadi shinikizo la sentimita 20 za maji, na sikio langu liko mdomoni mwa paka. Nikisikia hewa inavuja, naongeza kidogo sana hewa ya kiputo, najaribu tena. Kimya kikipatikana, naacha hapohapo. Kisha nafungua vali, na naisema kwa sauti: "Vali wazi." Vali iliyosahaulika imefungwa hujaza mapafu hadi yapasuke. Na kila tunapomgeuza paka, mrija unachomolewa kwanza kwenye mashine.

5. Usimpanue mdomo kupita kiasi

Vile vyuma vya springi vya kutanua taya tumeviweka kando. Taya ya paka ikipanuliwa mno, mshipa unaopeleka damu kwenye macho na ubongo hubanwa, na wapo paka walioamka vipofu. Kipande kifupi cha bomba la sindano kinatosha.

6. Kuamka ni sehemu ya kazi

Mbwa unaweza kumsubiri ameze ndipo umtoe mrija. Paka namtoa mapema kidogo, anapoanza kuchezesha sikio au kupepesa jicho, kwa sababu akizinduka na mrija kooni koromeo linaweza kujifunga. Kiputo kinatolewa hewa kwanza, bila shaka.

Utafiti uleule wa Uingereza ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji, vingi katika saa tatu za mwanzo. Ndiyo maana tunabishana na wenye paka. "Daktari, nimpitie saa sita, nina foleni ya kwenda Mbagala." Hapana, mama. Njoo saa kumi.