Mafunzo ya Bure: Jinsi ya Kutambua Kilicho Bure Kweli

Lengo la somo: Msomaji akimaliza somo hili aweze kujua mahali pa kupata mafunzo ya bure katika wilaya yake, kutambua gharama zilizofichwa, na kuchukua hatua anapokuwa amepotoshwa.

Katika miji midogo ya Tanzania, habari za mafunzo humfikia mwananchi kwa njia nyingi: gari lenye kipaza sauti, karatasi iliyobandikwa stendi au kwenye ofisi ya kata, tangazo baada ya ibada, na ujumbe unaosambazwa katika makundi ya WhatsApp. Wiki hii ni semina ya kutengeneza sabuni, wiki ijayo ni mafunzo ya kompyuta, na baadaye ni ufugaji wa kuku. Mengi ya matangazo hayo hubeba neno moja linalovuta watu kuliko mengine yote: bure.

Hatuandiki somo hili ili kumtia mlaji hofu akae nyumbani. Kukosa mafunzo mazuri kwa kuogopa kudanganywa nako ni hasara. Tunataka mlaji ahudhurie akiwa na maswali yake mkononi, na ajue kuwa neno bure ni ahadi ya kibiashara kama ahadi nyingine. Anayeitoa anapaswa kuitimiza.

1. Fursa zilizopo karibu nawe

Kabla ya kufuata tangazo la mtu usiyemfahamu, anza na taasisi za umma zilizo wilayani kwako.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri ndiye mlango wa kwanza. Yeye hushughulikia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, pamoja na mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kati ya hizo, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Vikundi vinavyoiomba huelekezwa na maofisa wa halmashauri wenyewe, hivyo mtu anayedai kuuza nafasi ya kuingia katika orodha ya wakopaji anauza kitu kisicho chake.

Afisa ugani wa kilimo au mifugo hutoa ushauri kwa mkulima na mfugaji katika kata yake. Kila mwaka, katika siku zinazoelekea tarehe 8 Agosti, maonesho ya Nane Nane hufanyika katika kanda mbalimbali, kama vile viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Nzuguni jijini Dodoma na Ngongo mkoani Lindi. Hapo mwananchi huona vipando vya mbegu mbalimbali, huuliza maswali kwa watafiti na hukutana na taasisi nyingi kwa siku moja. Anayekwenda na maswali yake yameandikwa hurudi na faida kubwa kuliko anayekwenda kutembea tu.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 na ambavyo leo ni zaidi ya 50, viko pia katika miji midogo kama Handeni na Masasi. VETA ina vyuo katika mikoa na wilaya nyingi, na SIDO ina ofisi mikoani. Si kila kozi ya taasisi hizi ni ya bure. Nyingi zina ada, ila mara kwa mara hutokea nafasi zinazolipiwa na Serikali au na wafadhili. Uliza ofisini: “Je, mwaka huu kuna nafasi zilizofadhiliwa, na maombi yanafungwa lini?” Kuuliza si ujinga.

Aidha, fundi aliyejifunza kazi gereji, saluni au kwa fundi mwenzake, bila kupita chuoni, anaweza kuomba VETA impime ujuzi wake kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi na kupata cheti kinachotambulika. Wengi hulipia semina za kujifunza kazi wanayoijua tayari kwa sababu tu wanahitaji cheti.

2. Maana tatu za neno “bure”

Katika matangazo, neno hili hutumika kwa maana tatu zilizo tofauti.

Ya kwanza ni bure kamili: mtu anaingia, anajifunza na kutoka bila kulipa chochote, kwa kuwa gharama zimebebwa na Serikali, mfadhili au waliojitolea.

Ya pili ni bure ya mlangoni: kiingilio hakilipiwi, lakini fomu, daftari, malighafi, chakula au cheti hulipiwa ndani.

Ya tatu ni bure ya chambo: mafunzo ni njia ya kumfikia mteja. Anayefundisha lishe anauza virutubisho, na anayefundisha ujasiriamali anasajili wanachama watakaoleta wanachama wengine. Ukiambiwa kuwa kipato chako kitategemea zaidi idadi ya watu utakaowaingiza kuliko bidhaa utakayouza, hiyo ni dalili ya biashara ya upatu, ambayo sheria za nchi zinaikataza.

Maana ya pili si kosa iwapo gharama zimetajwa mapema. Kosa ni kuzificha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayotoa.

3. Mfano: hesabu ya siku tatu

Tuchukulie mfano wa mshonaji mwenye cherehani moja. Amesikia tangazo la semina ya bure ya siku tatu ya kutengeneza sabuni ya maji, akafunga kibanda chake na kwenda.

Siku ya kwanza anatakiwa kulipia fomu na daftari, shilingi 3,000. Siku ya pili kila mshiriki anachangia malighafi ya mazoezi, shilingi 10,000. Siku ya tatu anaelezwa kuwa cheti ni shilingi 25,000, na kwamba wenye nia ya kweli watanunua kifurushi cha kuanzia cha shilingi 60,000, kisha mwandaaji atanunua sabuni yote watakayotengeneza.

Jumla aliyotoa ni shilingi 98,000. Iwapo kibanda chake humpatia faida ya shilingi 12,000 kwa siku, amepoteza shilingi 36,000 nyingine kwa kukifunga. Semina ya bure imemgharimu shilingi 134,000.

Tazama jinsi malipo yalivyopangwa. Hakuna hatua iliyoonekana kubwa mno kwa aliyekwisha kutoa ile ya nyuma yake. Aliyelipa 3,000 aliona aibu kuondoka bila kufanya mazoezi, na aliyelipa 13,000 hakutaka kurudi nyumbani bila cheti. Laiti angetajiwa jumla yote mlangoni, angeipima na mahitaji yake mengine: vitambaa, kodi ya kibanda, ada ya mtoto. Haki aliyonyimwa ni hiyo ya kupima kabla ya kuamua.

Kuhusu ahadi ya kununua sabuni, swali ni moja: imeandikwa? Ahadi isiyo na maandishi, bei, kiasi wala tarehe humwachia mlaji ndoo za sabuni na namba ya simu isiyopatikana. Pia sabuni iuzwayo madukani inapaswa kukidhi viwango. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO huweza kupata alama ya ubora ya TBS bila malipo kwa miaka ya mwanzo. Hana sababu ya kumlipa mwendesha semina anayedai kuwa na njia ya mkato.

4. Maswali matano ya kuuliza kabla ya kujiandikisha

Kwanza: Ni nani mwandaaji? Taja jina lake kwa afisa mtendaji wa kata na uulize kama anafahamika. Kampuni husajiliwa BRELA, nayo mashirika yasiyo ya kiserikali yana msajili wake.

Pili: Kwa jumla nitalipa nini tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na cheti? Omba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Tatu: Cheti ni cha aina gani? Cheti cha kuhudhuria kinathibitisha kuwa ulikuwepo, na si kwamba una ujuzi. Chuo kinachotoa tuzo za ufundi kinapaswa kuwa kimesajiliwa na NACTVET.

Nne: Malipo yanakwenda wapi? Malipo ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo, na mlipaji hupewa stakabadhi. Ofisi ya umma haikusanyi ada kupitia namba ya simu ya mtu binafsi.

Tano: Naweza kuondoka bila kununua chochote? Mwandaaji mkweli hujibu ndiyo bila kusita.

5. Taarifa zako nazo ni malipo

Baadhi ya mafunzo hayadai fedha, bali hudai namba ya NIDA, picha, alama ya kidole au majina ya ndugu. Orodha ya mahudhurio inahitaji jina, na pengine namba ya simu. Haihitaji alama ya kidole. Kwa kuwa laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, mtu asiye mwaminifu aweza kusajili laini kwa jina lako na kuitumia kwa utapeli.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa akueleze sababu ya kuzikusanya. Asipoeleza, usitoe. Ukiwa umekwisha kutoa, piga *106# katika simu yako kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wa mtandao huo ukaikane.

6. Iwapo umepotoshwa

Usinyamaze kwa aibu. Anayenyamaza humwachia mwandaaji nafasi ya kwenda mji wa jirani na tangazo lile lile. Hifadhi tangazo, stakabadhi, ujumbe wa malipo na majina ya wenzako mliohudhuria. Mwombe mwandaaji kwa maandishi akurudishie fedha. Akikataa au akitoweka, peleka malalamiko kwa afisa biashara wa halmashauri na kwa mamlaka ya kumlinda mlaji. Penye dalili za utapeli, toa taarifa polisi. Kama ulilipa kwa simu, pigia kampuni ya simu mara moja, kwa kuwa kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kuzuia fedha hizo. Malalamiko ya watu kumi waliohudhuria semina moja hueleza zaidi kuliko ya mmoja, hivyo kutaneni kwanza.

Maswali ya majadiliano

1. Taja mafunzo mawili yaliyotangazwa kuwa ya bure katika mji wenu mwaka huu. Yalikuwa bure kwa maana ipi kati ya zile tatu?

2. Katika mfano wa mshonaji, ni wakati gani angeweza kuondoka kwa hasara ndogo zaidi? Nini kilimzuia?

3. Mtume mwanakikundi mmoja kwa afisa maendeleo ya jamii, na mwingine katika chuo kilicho karibu, wakaulize nafasi za mafunzo zisizolipiwa. Bandikeni majibu mahali ambapo kila mtu atayaona.