Utani Ulianzia Vitani

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Songea hupita Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, kisha hufuata njia ya Makambako na Njombe. Siku hizi Mhehe na Mngoni huketi kiti kimoja humo, wakataniana njia nzima. Wasomaji wapenzi, watoto husikia kicheko hicho wasijue kilikotoka.

Kila Februari Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga huko wakuu wa Wangoni zaidi ya 60, wakawazika katika kaburi la pamoja. Baadhi yao walibatizwa kabla tu ya kutiwa kitanzi. Nchi nzima yawalilia, na ni haki.

Lakini jeshi lililowaendea Wangoni lilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka hapa kwetu. Mwaka 1905 Kapteni Nigmann aliongoza kikosi cha Iringa mpaka Mahenge, na Wahehe wenye mikuki wakaandamana naye. Mkwawa alikuwa amekufa miaka 7 tu kabla ya hapo, akiwindwa na Wajerumani hao hao! Twapenda kulipita jambo hili kimya. Mimi siwahukumu wazee wale. Walikuwa watu walioshindwa, na vita vyao na Wangoni vya mwaka 1878 hadi 1882 walikuwa hawajavisahau. Mtawala mgeni alikuta kuni zimekwisha kukauka, akawasha.

Nasi Wakatoliki tuna wafu wetu. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa safarini, pande za Liwale, pamoja na mabruda 2 na masista 2. Twawaombea. Je, katika sala ile ile ya jioni twawataja waliokufa kwa njaa, mashamba na maghala yao yalipochomwa moto na majeshi ya serikali? Wajerumani walikadiria wafu wa vita hivyo kuwa 75,000. Wako wanahistoria wafikao 300,000. Walio wengi ni wanawake, watoto na wazee, ambao hata majina yao hatuyajui.

Mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Ilikuwa vema, ingawa imechukua zaidi ya miaka mia. Majirani hawakungoja muda huo. Mtani huingia msibani bila kubisha hodi, akawachekesha wafiwa, kisha akashika jembe kusaidia kuchimba kaburi. Wajukuu wa waliochomana mikuki sasa huzikana.

Hata hivyo, kicheko kisicho na habari yake huweza kusahauliwa katika kizazi kimoja. Basi, enyi wazazi, mtani akija kwenu Jumapili, mpeni kiti, mpeni chakula, kisha mwambieni mzee wa nyumba awasimulie watoto, mbele ya mgeni, utani huo ulianza wapi. Asiifiche na ile safari ya Mahenge.