Mzee asiposikia harufu: tusimlaumu, tumlinde



Bibi mmoja wa zaidi ya miaka 70 aliletwa kituoni akitapika na kuharisha. Alikuwa amekula maharage yaliyochacha. Mkwewe aliyemleta alikuwa amekasirika: "Daktari, maharage yale yalinuka nyumba nzima. Mama siku hizi hajali." Nilimwambia bibi afumbe macho, nikamsogezea puani kipande cha sabuni yenye manukato. Akasema hasikii kitu. Kumbe bibi hakuwa mzembe. Pua yake ndiyo iliyokuwa imepungua nguvu.

Umri na harufu

Juu kabisa ndani ya pua zipo chembe hai zinazopokea harufu na kupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo huilinganisha harufu hiyo na kumbukumbu zake, kisha huipa jina: hii karafuu, hii mafuta ya taa. Chembe hizo hufa na kuzaliwa upya, lakini kadiri mtu anavyozeeka ndivyo zinavyopungua. Mafua makali, uvutaji wa sigara na kuumia kichwa huongeza hasara hiyo.

Mwaka 1984 Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya kuwapima watu 1,955 wenye umri wa miaka 5 hadi 99. Kipimo chao kina harufu 40, na kwa kila moja mtu huchagua jina sahihi kati ya manne. Waliofanya vizuri zaidi ni wa kati ya miaka 20 na 50. Baada ya miaka 70 uwezo ulishuka sana. Kati ya wenye miaka 65 hadi 80, zaidi ya nusu walikuwa na upungufu mkubwa. Waliopita 80, zaidi ya robo tatu.

Wanawake waliwashinda wanaume katika kila rika, ingawa tofauti hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya umri. Kwa hiyo mama akisema, "Nasikia harufu ya gesi," baba asijibu haraka kwamba hakuna kitu. Na mama naye ajue kuwa uzee utamfikia.

Hatari iko wapi?

Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Hutiwa dawa inayonuka ili ikivuja tujue. Asiyesikia harufu hana onyo hilo. Pia chakula humpoteza ladha, basi huongeza chumvi na sukari, na huenda tayari ana shinikizo la damu au kisukari.

Tufanye nini nyumbani?

1. Mzee asiachwe peke yake na jiko la gesi. Mtungi ufungwe kila baada ya kupika. Paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Mapovu yakitokea, gesi inavuja.

2. Gesi ikivuja, usiwashe kiberiti wala taa. Funga mtungi, fungua madirisha, toeni watu nje.

3. Kiporo kisipimwe kwa pua ya mzee. Kijana akikague, na kikilala nje kimwagwe.

4. Badala ya chumvi nyingi, tumia ndimu, tangawizi na viungo.

5. Mjaribuni mzee, macho yakiwa yamefumbwa, kwa kahawa, karafuu au ganda la chungwa. Msitumie vitu vinavyowasha kama pilipili, kwani mwasho hupita mshipa mwingine wa fahamu.

Anayepoteza harufu ghafla, au katika tundu moja tu la pua, aende hospitali. Vivyo hivyo mzee anayepoteza harufu huku akitetemeka mikono au kusahau sana, maana huweza kuwa dalili ya mapema ya maradhi ya ubongo.

Tukumbuke kisa cha Nabii Yaaqub (a.s.) katika Suratu Yusuf. Aliposema anapata harufu ya mwanawe, waliokuwa karibu naye walimwona amepotea, kumbe alisema kweli. Ile ilikuwa neema maalum kutoka kwa Allah, lakini imo adabu ndani yake: neno la mzee lisidharauliwe. Leo mzee akisema "chakula hiki hakina ladha" au "sisikii harufu", naye anasema kweli. Suratul Israa, aya ya 23, inatukataza kuwatamkia wazazi wetu hata neno dogo la kuwaudhi.

Wabillahi tawfiq.