Chakula cha Mama Mjamzito na Kisukari cha Mimba



Hapa kwetu pwani mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu, ndugu hushangilia. Majirani husema, "Mama kala vizuri." Sisi wauguzi wa wodi ya wazazi hufurahi pamoja nao, lakini moyoni tunajiuliza: je, mama huyu alipimwa sukari?

Tunamkumbuka mama mmoja wa mimba ya tatu. Mtoto wake wa pili alikuwa mkubwa na alizaliwa kwa shida. Safari hii kichwa kilitoka, bega likakwama. Mtoto aliokolewa, lakini mkono wake mmoja ulilegea kwa miezi mingi, na saa chache baada ya kuzaliwa alianza kutetemeka kwa kupungukiwa sukari. Kwa kadiri mama alivyojua, hakuugua hata siku moja wakati wa mimba. Ndiyo maana tumeona tujifunze jambo hili.

KISUKARI CHA MIMBA NI NINI?

Wali, ugali, mhogo na maandazi tunayokula hugeuka kuwa sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie mwilini na kutupa nguvu. Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini. Kongosho la akina mama wengi huongeza kazi, na mambo huenda sawa. La wengine hushindwa, na sukari hupanda katika damu. Hicho ndicho kisukari cha mimba.

Walio katika hatari zaidi ni mama mnene, mwenye umri zaidi ya miaka 35, mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, au aliyewahi kuzaa mtoto mfu. Lakini hata asiye na dalili wala sababu hizi anaweza kukipata. Kwa hiyo tusimlaumu mama kwamba amejiletea ugonjwa kwa ulafi.

MTOTO HUDHURIKAJE?

Sukari ya mama hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Basi kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi. Mtoto hunenepa mabega na tumbo, na kuzaliwa kwake huwa kwa shida. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma, lakini insulini ya mtoto bado ipo nyingi. Hapo sukari yake hushuka ghafla. Mtoto anaweza kutetemeka, kulegea, kukataa kunyonya au kupata degedege. Wengine hupumua kwa shida au hugeuka manjano.

TUPIME LINI?

Kipimo hufanyika hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama huja bila kula tangu usiku, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi iliyochanganywa na maji, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na saa mbili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (mwongozo wa 2013), sukari ya 5.1 au zaidi kabla ya kula huonyesha tatizo. Kupima mkojo peke yake hakutoshi. Mwenye hatari aliyotajwa hapo juu aanze kuuliza kipimo tangu siku ya kwanza ya kliniki.

MAMA ALE NINI?

Asiache kula. Wako wanaojinyima ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Hilo humdhuru mtoto. Wako pia wanaokula sahani mbili kwa kuwa "wako wawili". Njia zote mbili si sahihi.

1. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia. Robo iwe samaki, dagaa, mayai, maharage, kunde au choroko. Robo iliyobaki iwe wali, ugali, ndizi au mhogo. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe.
2. Milo mitatu ya kiasi, na vitafunio vidogo katikati, kama karanga kidogo.
3. Chai bila sukari. Soda, juisi ya miwa na juisi za matunda tuziache.
4. Chungwa la Muheza lina faida, lakini tule moja na nyama zake, tusikamue matano katika glasi moja.
5. Asubuhi, chapati moja na maharage au yai ni bora kuliko maandazi matatu na chai ya sukari.
6. Tui zito la nazi na vyakula vya kukaanga viwe kwa kiasi.
7. Baada ya kula, atembee kidogo, kama mhudumu wa afya hakumkataza.

Chakula kisipotosha kushusha sukari, daktari ataongeza dawa au insulini. Asiogope, wala asibadilishe dawa hiyo kwa mizizi. Mama mwenye kisukari asifunge Kwaresima kwa kujinyima chakula. Atafute sadaka nyingine.

BAADA YA KUJIFUNGUA

Azalie hospitali. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja, kisha kila baada ya saa mbili au tatu, na apimwe sukari. Maziwa ya mwanzo ya njano tusiyamwage. Ndiyo kinga na chakula chake. Mama naye apimwe tena wiki ya 6 hadi ya 12, kwa sababu yuko katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu baadaye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, nani humpikia mama mjamzito, na nani huamua kinachonunuliwa sokoni?
2. Akina baba wanaweza kusaidia nini ili mama afike kliniki mapema?
3. Ni mazoea gani ya chakula tunayopaswa kuyabadilisha?

Bikira Maria alikwenda kwa haraka kumsaidia Elizabeti aliyekuwa mjamzito. Nasi tumsindikize jirani yetu kliniki.