Bambo la udongo: kipimo kinachotangulia kodi ya shamba Karatu

MNUNUZI wa mbaazi au mahindi mjini Karatu hanunui gunia kwa kulitazama nje. Hulichoma bambo, akaangalia punje za juu, za katikati na za chini, ndipo akazungumza bei. Lakini mnunuzi huyo huyo anapoamua kuingiza fedha zake katika bustani ya vitunguu Mang'ola, au ya mboga za mahoteli huko Rhotia, mara nyingi hulipa kodi ya shamba kwa kutazama tu jinsi majani yalivyo kijani kwa jirani.

Kosa hilo lina bei yake. Tangu ruzuku ya mbolea ilipoondolewa katikati ya miaka ya 1990, mfuko wa mbolea umekuwa bidhaa inayopanda na kushuka na soko la dunia. Ruzuku imerudi kwa vipindi, ikiwemo ya msimu wa 2022/23, baada ya bei ya DAP katika soko hilo kupita dola 900 kwa tani. Hata hivyo, mfuko ulionunuliwa kwa ruzuku nao ni hasara ukimwagwa kwenye udongo usiouhitaji.

Soko lenyewe halina bambo. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo kwa mbaazi zinazotoka nje, waliokuwa na maghala yaliyojaa walilijua hilo kwa uchungu. Udongo, kwa upande wake, unapimika kabla ya senti moja kutoka mfukoni, na gharama ya kuupima haifanani na gharama ya msimu uliopotea.

Wilaya moja, udongo wa namna nyingi

Karatu haina udongo wa aina moja. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, chini ya milima ya volkano ya Ngorongoro na Oldeani, na kahawa hulimwa kwenye miteremko hiyo. Ukishuka kwenda Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, unafika karibu mita 1,000, penye joto, mvua haba na kilimo cha umwagiliaji kinachotegemea chemchemi. Eyasi ni ziwa la magadi, na mashamba yaliyo bondeni yako katika hatari ya chumvi na magadi kuliko yale ya juu.

Ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, kilimo hakiruhusiwi. Ndiyo maana anayetaka kulisha mahoteli ya ukingo wa kreta kwa kabichi, karoti na saladi hutafuta ekari zake upande wa Karatu.

Tofauti hizi zinaingia moja kwa moja kwenye hesabu za pembejeo. Mfano ulio karibu ni fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, kando ya barabara ya Arusha kwenda Babati. (Chanzo chake ni kinyesi na mifupa ya ndege wa ziwa la kale, utajiri huja kwa njia nyingi.) Unga wa mwamba huo hutoa fosforasi yake vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wa magadi hukaa tu kama mchanga, na mkulima husubiri matokeo yasiyofika. Udongo wenye asili ya majivu ya volkano nao una tabia yake: huikamata fosforasi na kuinyima mizizi, hata pale mbolea ilipotiwa kwa wingi.

Kuna na jambo la unga mweupe. Chokaa hupunguza tindikali. Jasi husaidia udongo wa magadi. Vyote viwili huuzwa kwa mifuko, na kwa macho havitofautiani sana. Anayepeleka chokaa kwenye shamba la magadi amenunua mzigo, amelipa gari na vibarua, na hajatibu kitu.

Nusu kilo kwa niaba ya tani elfu

Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Udongo wake wa juu, kwa kina cha sentimita 20, una uzito wa karibu tani 1,000. Kinachopelekwa maabara ni nusu kilo hadi kilo moja, na kwa vipimo vingi mtaalamu huchota humo gramu chache tu. Mashine ya maabara inaweza kuwa sahihi kabisa na majibu yakawa ya uongo, kwa sababu uongo ulianzia kwenye ndoo.

Kazi ianze kwa kutembea shamba zima. Mahali panapotofautiana kwa rangi, mteremko, unyevu au historia ya mazao pahesabiwe kuwa kipande mbali, na kila kipande kiwe na sampuli yake. Kwa bustani ya ekari mbili, nusu ikiwa bondeni na nusu kwenye mwinuko, sampuli ni mbili. Kuzichanganya ili kuokoa ada ya kipimo kimoja ni sawa na kuchanganya mahindi mazuri na yaliyooza, halafu kuuliza bei ya wastani.

Vifaa ni vya kawaida: jembe au koleo safi, panga, ndoo ya plastiki, mifuko mipya ya nailoni, kalamu ya risasi na karatasi. Ndoo ya bati haifai kwa sababu zinki yake huweza kuingia katika kipimo. Mfuko uliowahi kubeba mbolea au chumvi usitumike hata ukioshwa.

Ndani ya kila kipande, mchukuaji apite kwa mwendo wa zigizaga na kusimama mahali 15 hadi 20. Kila aliposimama aondoe majani na takataka za juu bila kukwangua udongo, achimbe shimo lenye umbo la V hadi sentimita 20, kisha akate ubavuni kipande chembamba chenye unene sawa kutoka juu hadi chini. Kingo za kipande hicho zikatwe kwa panga, ibaki sehemu ya katikati, ambayo ndiyo huingia ndooni. Kwa kahawa na miti ya matunda, mizizi iko chini zaidi. Hapo huchukuliwa sampuli ya sentimita 0 hadi 30 na nyingine ya 30 hadi 60, kila moja na ndoo yake.

Pa kukwepa ni pengi: zizi la zamani, kichuguu, chini ya mti, kando ya njia na mfereji, palipochomwa taka, na palipowekwa lundo la samadi au mifuko ya mbolea. Katika vijiji vya Karatu, ambako mifugo na kilimo vimekaa pamoja kwa vizazi, zizi la zamani huenda lisionekane tena kwa macho. Mgeni aliyekodi shamba hana njia ya kulijua ila kumuuliza mzee wa jirani.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, lakini inaonyesha kwa nini swali hilo lina thamani. Tuseme shamba lina fosforasi ya miligramu 10 kwa kilo ya udongo. Mchukuaji amechota mahali 15, na pamoja na mahali hapo, pamoja tu palikuwa zizi, lenye miligramu 150. Jumla ni 290. Gawanya kwa 15, jibu ni zaidi ya 19. Kiganja kimoja kimeongeza fosforasi ya shamba karibu mara mbili. Maabara itaandika kuwa inatosha, mkulima hatanunua mbolea ya kupandia, na mazao yatadumaa kwenye sehemu 14 kati ya 15 za shamba.

Udongo wa ndooni upondwe mabonge kwa mkono safi, utolewe mawe na mizizi, uchanganywe vizuri, kisha umwagwe juu ya nailoni safi na kutandazwa duara. Duara ligawanywe mara nne. Robo mbili zinazotazamana zitupwe, zinazobaki zichanganywe na kugawanywa tena, mpaka ibaki nusu kilo au kiasi ambacho maabara imetaka. Kuchota tu kiganja cha juu ya ndoo si sawa, maana punje nzito na nyepesi hujitenga zinapotikiswa.

Ukaushwe kivulini kwa hewa. Jua kali na moto hubadili baadhi ya virutubisho, na mfuko uliofungwa ukiwa na udongo mbichi unaendelea kuchacha ndani ya basi.

Safari ya maabara

Karatasi moja iandikwe kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hufutika kwa unyevu. Iwekwe kwenye kimfuko chake kati ya mifuko miwili, na alama ile ile iandikwe nje. Iwe na jina la mwenye sampuli, kijiji, namba ya kipande, kina, tarehe, zao lililopita, mbolea iliyotumika na zao linalokusudiwa. Wengi husahau hili la mwisho, na bila hilo maabara hutoa takwimu tupu pasipo ushauri, kwa sababu kinachoitosha nyanya huenda kisiitoshe kabichi.

Kutoka Karatu hadi Arusha ni karibu kilomita 140 za lami, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kilichopo huko ni mahali pa karibu pa kuanzia kuulizia. Maabara kongwe za udongo ni ile ya Mlingano, mkoani Tanga, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), na ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wa kahawa wana Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), Lyamungu, mkoani Kilimanjaro. Kabla ya kufunga mzigo iulizwe ada, kiasi cha udongo kinachotakiwa na siku za kusubiri majibu. Bwana shamba wa kata huwa anajua nani anapokea kwa wakati huo.

Sampuli itoke mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, na isichukuliwe mara baada ya kuweka mbolea. Kwa anayekodi, wakati wake ni kabla ya kusaini. Mwenye shamba anayekataa kuchimbiwa mashimo 15 ya sentimita 20 ameshatoa sehemu ya majibu.

Kwa mashamba ya Mang'ola, mtu aombe waziwazi vipimo viwili ambavyo orodha ya bei nafuu huweza kuviacha: kiwango cha chumvi na sodiamu. Kama uchachu wa udongo, yaani pH, unapita 7, fosforasi ipimwe kwa njia ya Olsen. Njia ya Bray hufaa udongo wenye tindikali na hudanganya kwenye udongo wa magadi. Maji ya kumwagilia nayo yapelekwe, katika chupa iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo na kujazwa hadi juu.

Kusoma karatasi ya majibu

Kitunguu ni zao lisilovumilia chumvi. Kwa viwango vinavyotumiwa na wataalamu, mavuno huanza kupungua chumvi ya udongo inapopita 1.2 dS/m, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka huondoa karibu asilimia 16. Shamba lenye 3.2 hupoteza asilimia 32. Aliyetegemea magunia 80 kwa ekari atapata kama 54, na hapo bado mnunuzi wa lumbesa hajafika. Kodi, mbegu, dizeli ya pampu na vibarua havipungui kwa asilimia 32.

Viwango hivyo ni vya udongo uliolowekwa hadi kuwa tope. Maabara nyingine hupima kwa kuchanganya udongo na maji mengi, na hapo namba husomeka ndogo. Aulizwe mtaalamu ni njia ipi iliyotumika, la sivyo shamba la chumvi litaonekana salama.

pH ikiwa juu ya 7.5, urea na DAP zilizomwagwa juu ya ardhi bila kufukiwa hupoteza sehemu ya naitrojeni hewani. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni; SA yenye uzito huo ina kilo 10.5 tu, lakini huelekea kushusha pH, jambo linalofaa bondeni na lisilofaa kwenye miteremko yenye tindikali tayari. Kulinganisha bei za mifuko bila kujua pH hakumsaidii mnunuzi.

Namba ya naitrojeni isipewe uzito mkubwa, maana hubadilika na mvua na mazao. pH, fosforasi na potasiamu huenda taratibu, hivyo kipimo kimoja huweza kutumika kwa miaka miwili au mitatu. Chumvi ya shamba linalomwagiliwa iangaliwe mapema zaidi. Sampuli ya marudio itoke mwezi ule ule na kwa kina kile kile, ili karatasi mbili ziweze kuwekwa pamoja mezani na kulinganishwa.