Mwalimu, kazi yako inastahili tuzo: vidokezo 6 kabla hujaomba

Umefundisha kwa redio, kwa video, hata kwa simu ya mkononi, na watoto wameelewa. Zipo tuzo za kazi kama hiyo. Jipange hivi.

1. Anza na mtoto, kifaa baadaye. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 2014, hufundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo, na watazamaji wamekuwa wakijibu maswali kwa ujumbe mfupi. Kitochi cha mama kinatosha.

2. Uhaba usikutie unyonge. Shule ya Keriko, kule Nakuru, ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Mwalimu Peter Tabichi alikuwa akienda saiba, anapakua masomo, kisha anayaonyesha darasani bila mtandao. Mwaka 2019 alipokea Global Teacher Prize mjini Dubai, dola milioni 1. Tuzo ile haiangalii teknolojia peke yake, lakini ubunifu wake huo ulitajwa wazi.

3. Kusanya ushahidi tangu siku ya kwanza. Hapa ndipo maombi mengi mazuri huangukia. “Wanafunzi walifurahia sana” huandikwa na kila mwombaji, na haimwambii jaji kitu. Kabla hujawasha video ya mzunguko wa damu, wape watoto maswali matano kwenye karatasi. Wiki mbili baadaye wape yaleyale. Tia karatasi zote kwenye bahasha, andika tarehe juu yake. Karatasi ambayo mtoto alichora moyo kama kopa, kisha akauchora tena ukiwa na vyumba vinne, ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo.

4. Sauti kwanza. Picha hafifu huvumilika, sauti ya mwangwi haivumiliki. Tundika blanketi ukutani, na usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha.

5. Omba ruhusa ya wazazi kwa maandishi kabla ya kuonyesha sura ya mtoto yeyote. Hili halina mjadala.

6. Soma masharti mapema, maana kila tuzo ina mlango wake. Japan Prize ya shirika la NHK, iliyoanza mwaka 1965, hushindanisha kazi za kielimu, na imekuwa na kitengo cha mapendekezo ya vipindi ambavyo bado havijatengenezwa, kwa nchi zenye bajeti ndogo. Tuzo ya UNESCO ya King Hamad Bin Isa Al-Khalifa, ya tangu 2005, huwapa washindi wawili dola 25,000 kila mmoja, ila huwezi kujipendekeza mwenyewe: jina lako lipitie serikalini, kwenye tume ya taifa ya UNESCO, au kwa shirika mshirika wake. Usisubiri wiki ya mwisho. Piga hodi kwenye tume ya nchi yako mapema, bahasha yako mkononi.